Viuatilifu na Ukuaji wa Uchumi: Aina, Vipimo na Njia za Uhusiano

Kiuatilifu ni kemikali, au kitu chenye asili ya mmea au kijidudu, kinachotumiwa kuua, kufukuza au kuzuia visumbufu vya mimea na mazao: wadudu, magugu, kuvu, minyoo ya mizizi, panya, konokono na ndege walao nafaka. Sehemu yake yenye nguvu ya kuua huitwa kiambata amilifu. Kinachobaki ndani ya chupa ni maji, mafuta, unga au viyeyushi vya kukibeba. Takwimu za kimataifa huhesabu kiambata amilifu peke yake, si uzito wa mzigo unaonunuliwa katika duka la pembejeo.

Ukuaji wa uchumi ni ongezeko la thamani ya bidhaa na huduma ambazo nchi huzalisha mwaka hadi mwaka. Kwa mada hii sharti ugawanywe mara mbili. Upo ukuaji wa kilimo chenyewe, unaotokana na kupanua mashamba au kuongeza mavuno kwa kila hekta. Upo pia ukuaji wa uchumi mzima, unaopimwa kwa pato la wastani la kila mwananchi, ambao huja pamoja na miji, viwanda, ujira uliopanda na walaji wanaochagua. Ule wa kwanza, hasa wa kuongeza mavuno kwa hekta, kwa kawaida hufuatana na ongezeko la viuatilifu. Wa pili huvuta pande mbili kwa wakati mmoja: huwapa wakulima fedha za kununulia dawa, na huipa nchi maabara, wakaguzi na sheria za kuidhibiti. Wanaosema kwamba maendeleo huleta sumu na wanaosema kwamba maendeleo huiondoa mara nyingi wanazungumzia aina mbili tofauti za ukuaji. Ushahidi uliopangwa hapa chini unaonyesha kwamba utajiri peke yake haupunguzi sumu shambani. Kinachoipunguza ni uamuzi wa dola pamoja na maarifa ya mkulima, na vyote viwili vimewahi kupatikana katika nchi maskini.

Aina za viuatilifu

Kwa kigezo cha kisumbufu kinacholengwa, makundi makuu ni matatu: viuadudu, viuagugu na viuakuvu. Viuapanya, viuakonokono na dawa za minyoo ya mizizi hufuata kwa mbali. Mgawanyo huu una uzito wa kiuchumi, kwa kuwa kila kundi husukumwa na nguvu yake. Viuagugu hufuata bei ya vibarua. Viuakuvu hufuata thamani ya zao, maana mkulima hulipia mipulizo kumi kwa nyanya au kahawa lakini si kwa mtama. Viuadudu hufuata mashambulizi: kantangaze, nondo wa nyanya aliyeingia Kenya na Tanzania mwaka 2014, na viwavijeshi vamizi, walioonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika mashamba ya mahindi ya Afrika Mashariki mwaka uliofuata, waliongeza upigaji wa dawa bila pato la mkulima kupanda hata senti moja.

Kwa kigezo cha kizazi cha kikemia, cha kwanza ni salfa na madini ya shaba. Mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulianza kutumika katika mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, katika miaka ya 1880. Kizazi cha pili ni oganoklorini, ambacho mwakilishi wake ni DDT. Paul Hermann Müller aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Cha tatu ni oganofosfeti na kabameti, ambazo huoza mapema kuliko DDT lakini nyingi kati yake ni kali zaidi kwa mwili wa binadamu. Cha nne ni pairethroidi, zilizotengenezwa kiwandani kwa kuiga sumu ya ua la pareto, zao ambalo nyanda za juu za Kenya na Tanzania zimeiuzia dunia kwa miongo mingi. Cha tano hujumuisha neonikotinoidi na viuagugu vinavyofanya kazi kwa gramu chache tu kwa hekta. Nchi zinazokua hazipandi ngazi hii hatua kwa hatua. Shamba moja la Kilimanjaro laweza kuwa na mrututu wa karne ya kumi na tisa kwenye kahawa na kiuadudu cha karne hii kwenye nyanya.

Kwa kigezo cha ukali, Shirika la Afya Duniani limeweka tangu 1975 madaraja yanayoanzia Ia, sumu kali kupindukia, na Ib, sumu kali sana, kupitia II na III, hadi zisizotarajiwa kuleta madhara ya papo hapo zikitumiwa ipasavyo. Madaraja haya hupima sumu ya papo hapo. Saratani, athari kwa mimba na madhara ya muda mrefu kwa neva huhitaji vipimo vingine, na hii ndiyo sababu glaifoseti, isiyo na sumu kali ya papo hapo, iliwekwa mwaka 2015 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu.

Vipimo

Kipimo cha kwanza ni uzito wa jumla. Kwa hesabu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kilimo cha dunia kilitumia takriban tani milioni 3.7 za viambata amilifu mwaka 2022, kiasi ambacho ni karibu mara mbili ya kile cha mwaka 1990. Kipimo cha pili ni uzito kwa hekta ya ardhi ilimwayo: wastani wa dunia mwaka huo ulikuwa karibu kilo 2.4, na wa Afrika ulikuwa chini ya kilo moja. Kipimo cha tatu ni uzito kwa thamani ya mavuno, ambacho wachumi hukipenda kwa kuwa huonyesha kama dawa inaleta tija.

Vipimo hivyo vitatu vina kasoro moja: vinahesabu kilo, na kilo hazifanani. Mikorosho ya Mtwara na Lindi hukingwa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga kwa salfa ya unga, takriban robo kilo kwa mti kwa kila mpulizo, na mipulizo hurudiwa msimu mzima. Hekta moja ya mikorosho hula makumi ya kilo za salfa, kitu chenye hatari ndogo kwa mtu kikilinganishwa na oganofosfeti. Hekta ya pamba iliyopigwa pairethroidi dhidi ya funza wa vitumba hutumia makumi ya gramu tu, na gramu hizo zikifika mtoni huua samaki. Nchi inayohama kutoka dawa za kilo kwenda dawa za gramu huonekana katika takwimu kuwa imejirekebisha, hata pale ambapo nguvu ya kuua iliyomwagwa shambani imebaki ileile au imeongezeka. Kwa sababu hiyo kipimo cha nne, mzigo wa sumu, hukokotolewa kwa kuzidisha uzito wa kila kiambata kwa ukali wake kwa afya na viumbe. Hiki ndicho kipimo bora, na ndicho kisichopatikana kwa nchi nyingi, kwa kuwa hudai rekodi za mauzo ya kila kiambata kwa jina.

Njia za uhusiano

Ujira ndio njia yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa viuagugu. Palizi ya jembe la mkono hula siku nyingi za kazi kuliko karibu shughuli nyingine yoyote ya shamba dogo, na sehemu kubwa yake huwaangukia wanawake na watoto. Vijana wanapokwenda mjini na vibarua kupanda bei, dawa ya magugu huwa nafuu kuliko palizi. Wakati huohuo bei yake ilishuka: glaifoseti iliingia sokoni mwaka 1974, hataza yake ya Marekani ikaisha mwaka 2000, na viwanda vingi, hasa vya China, vikaanza kuitengeneza. Ujira uliopanda na bei iliyoshuka vilikutana Ethiopia, ambako wakulima wadogo wa nafaka ya tefu walihamia viuagugu kwa kasi katika muda wa miaka michache. Si haki kuwalaumu wakulima hao. Aliyewahi kupalilia ekari mbili za mahindi kwa jembe la mkono anajua walichokimbia.

Mapato na mikopo ni njia ya pili. Mkulima mwenye fedha taslimu hununua dawa kabla ya ugonjwa kuonekana. Asiye nazo hungoja, kisha hununua kidogo, na akapima kwa kifuniko cha chupa. Njia hii huenda mbele na kurudi nyuma. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 na bei kuporomoka, kisha ruzuku za pembejeo kuondolewa katika mageuzi ya miaka ya 1990, wakulima wengi wa Kilimanjaro na Kenya ya Kati walipunguza mipulizo ya shaba dhidi ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Dawa ilipungua kwa sababu ya umaskini, na buni ikaoza mtini. Upungufu wa namna hii haupaswi kuhesabiwa kuwa maendeleo ya mazingira, ingawa kwa takwimu za kilo unafanana nayo kabisa.

Soko la mjini ni njia ya tatu. Mji unaokua hula nyanya, kabichi, vitunguu na pilipili hoho kuliko kijiji, na mnunuzi wa mjini hukataa kabichi yenye matundu. Mboga huhitaji dawa nyingi kwa hekta kuliko nafaka, kwa hiyo mabadiliko ya mlo wa tabaka la kati hubadilisha bomba la kupulizia la mkulima aliye mbali. Utafiti wa Ngowi na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania ulikuta kwamba viuadudu vilikuwa asilimia 59 ya dawa walizotumia, viuakuvu 29 na viuagugu 10. Karibu theluthi moja yao walichanganya dawa katika bomba moja, na walio wengi walisema wamewahi kuugua baada ya kazi hiyo. Soko la ndani lina udhaifu wake mahususi: hudai sura nzuri ya mboga lakini halipimi mabaki ya sumu, na kwa hiyo humlipa mkulima kwa kupiga dawa hadi mkesha wa kuvuna.

Soko la nje, ambalo ni njia ya nne, hudai vyote viwili, sura na usafi. Umoja wa Ulaya huweka kiwango cha juu cha mabaki kwa kila kiambata, na pale ambapo hakuna kiwango maalumu hutumia miligramu 0.01 kwa kilo. Mwaka 2013 maharage mabichi na njegere za Kenya ziliwekewa ukaguzi wa ziada mipakani mwa Ulaya kutokana na mabaki yaliyopita kiwango, na wakulima wadogo wengi wakaachwa nje na kampuni zilizokuwa zikinunua mazao yao. Athari ya njia hii ni kubadilisha aina za dawa na muda wa kusubiri kabla ya kuvuna. Si lazima ipunguze wingi. Ipo hali ya pekee inayostahili kutajwa: chai ya Kenya, miongoni mwa mazao makubwa ya kuuzwa nje katika Afrika Mashariki nzima, hustawi katika miinuko yenye baridi karibu bila viuadudu. Zao lenyewe na mahali pake, kwa hiyo, huweza kuikata kabisa kamba kati ya mauzo ya nje na sumu.

Dola ni njia ya tano, na hufanya kazi kwa nyenzo tatu. Ruzuku na misamaha ya kodi huongeza matumizi: Brazili, ambayo kwa takwimu za sasa ndiyo mtumiaji mkubwa kuliko nchi zote, ilikuza soya ya kuuzwa nje huku ikivipunguzia viuatilifu kodi tangu 1997. Kodi hupunguza au huelekeza: Denmark ilibadilisha kodi yake mwaka 2013 ili itozwe kwa mzigo wa sumu badala ya bei, na dawa kali zikawa ghali kuliko nyepesi. Nyenzo ya tatu ni usajili na marufuku. Tanzania hufanya kazi hiyo kupitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha. Kenya hutumia bodi iliyotokana na sheria ya mwaka 1982.

Mchoro wa Kuznets

Mwaka 1955 mchumi Simon Kuznets alidhani kwamba tofauti ya kipato ndani ya nchi hupanda mwanzoni mwa maendeleo kisha hushuka. Gene Grossman na Alan Krueger walilipeleka umbo hilo, linalofanana na kilima, katika uchafuzi wa hewa mwaka 1991, na baada yao wengi wakaliweka juu ya kila aina ya uchafuzi. Kwa viuatilifu dai lingekuwa hivi: nchi ikishakuwa tajiri, matumizi yatashuka yenyewe.

Upande wa kupanda unathibitika vizuri. Pepijn Schreinemachers na Prasnee Tipraqsa, katika uchambuzi wa nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2012, walikuta kwamba ongezeko la asilimia 1 la mavuno kwa hekta huambatana na ongezeko la asilimia 1.8 la viuatilifu kwa hekta. Kadiri pato linavyopanda, kasi hiyo hupungua. Hata hivyo kupungua kwa kasi si kushuka, na watafiti hao walionyesha kwamba ni nchi chache mno zenye kipato cha juu zilizofanikiwa kupunguza matumizi yao kwa kiasi kikubwa. Japani na Uholanzi, kwa utajiri wao wote, zimo katika kundi la juu kwa kilo za hekta. Umbo linaloonekana ni la mlima wenye kilele bapa, na waliolifikia tambarare hilo wengi wamebaki huko. Bunge la Ulaya lenyewe lilikataa mwezi Novemba 2023 muswada wa kupunguza viuatilifu kwa nusu hadi mwaka 2030, na mwaka uliofuata ukaondolewa.

Nchi zilizoshusha matumizi

Indonesia ndiyo mfano ulio kamili kuliko yote. Mapinduzi ya kijani yaliiletea mbegu ya mpunga yenye mavuno makubwa, na serikali ikaambatanisha viuadudu vya bei ya chini. Ruzuku ilifikia takriban asilimia 80 ya bei. Panzi wa kahawia wa mpunga, ambaye kabla ya hapo alikuwa mdudu mdogo asiye na sifa, aliangamiza mashamba katika miaka ya 1970 na tena katikati ya miaka ya 1980, muda mfupi tu baada ya nchi kujitosheleza kwa mchele mwaka 1984. Utafiti wa Peter Kenmore nchini Ufilipino ulikuwa umekwisha kuonyesha sababu: dawa iliua buibui na wadudu marafiki waliokuwa wakimla panzi, na panzi, ambaye mayai yake yamo ndani ya shina, akabaki bila adui. Mwaka 1986 Rais Suharto alitoa amri namba 3 iliyopiga marufuku viuadudu 57 katika mpunga. Ruzuku ilipunguzwa hadi ikafutwa mwaka 1989. Mwaka huohuo kulianza mpango wa taifa wa udhibiti husishi wa visumbufu, na katika mpango huo ndipo yalipozaliwa mashamba darasa, yaliyoenea baadaye hadi Kenya na Tanzania. Mavuno ya mpunga yaliendelea kupanda. Pato la kila Mwindonesia wakati wa amri hiyo lilikuwa chini ya dola 1,000 kwa mwaka.

Sri Lanka hutoa mifano miwili iliyo kinyume. Kuanzia 1995 iliondoa kwa awamu dawa za madaraja ya juu ya ukali, kisha endosalfani mwaka 1998, kisha parakwati kati ya 2008 na 2011. Vifo vya kujiua kwa sumu vilipungua sana na mavuno hayakuonyesha kushuka. Mwaka 2021 serikali ilizuia ghafla uagizaji wa mbolea za viwandani na kemikali za kilimo kwa pamoja, bila mafunzo wala mbadala. Mavuno ya mpunga yalianguka na amri ikatenguliwa kabla ya mwaka kwisha. Tofauti iko katika mpangilio: dawa moja moja kwa hatari yake, dhidi ya pembejeo zote kwa siku moja.

China ilitangaza mwaka 2015 mpango wa kusimamisha ongezeko la viuatilifu ifikapo 2020, na matumizi yake yakaanza kushuka. Upande wa mbegu, kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa Kenya mwaka 1985, na chotara zilizotolewa na taasisi ya utafiti wa kahawa ya Lyamungo, Kilimanjaro, hustahimili chulebuni na kutu ya majani, na humpunguzia mkulima mipulizo ya shaba. Huu ni ukuaji wa tija usiohitaji chupa, na umepewa fedha kidogo kuliko unavyostahili.

Uhusiano kutoka upande wa pili

Viuatilifu navyo huathiri ukuaji. Faida yake ni mavuno yaliyookolewa: tathmini ya E.-C. Oerke ya mwaka 2006 iliweka hasara ya visumbufu duniani, pamoja na udhibiti uliopo, kuwa asilimia 31 kwa mahindi, 37 kwa mpunga na 40 kwa viazi. Faida nyingine ni nguvukazi inayoachiliwa. Gharama yake haionekani katika pato la taifa, na wakati mwingine huongezwa humo kama mapato, kwa kuwa matibabu ya mpuliziaji aliyelazwa huhesabiwa kuwa huduma iliyozalishwa. Prabhu Pingali na wenzake walipojumlisha gharama za afya za wakulima wa mpunga wa Ufilipino, mwaka 1994, walikuta kwamba kuacha viuadudu na kutegemea maadui wa asili wa visumbufu kulilipa kuliko kupiga dawa. Usugu wa visumbufu ni gharama nyingine, inayomlazimu mkulima kununua dawa mpya na ghali zaidi ili apate matokeo yaleyale.

Maghala na biashara ya nje

Dawa zilizokwisha muda ni alama ya misaada na ununuzi wa serikali uliopita mahitaji. Mpango wa kusafisha maghala ya Afrika ulipoanza mwaka 2005, kiasi kilichokadiriwa kwa bara zima kilikuwa tani 50,000. Tanzania inao mfano wake Vikuge, Kibaha: mwaka 1986 takriban tani 170 za viuatilifu, sehemu kubwa DDT na baadhi zikiwa zimekwisha muda, zilifika kama msaada kutoka Ugiriki na kuwekwa katika banda la shamba. Banda hilo lilianguka miaka michache baadaye, na vipimo vya udongo vilionyesha mabaki mengi ya DDT.

Dawa zilizopigwa marufuku nyumbani lakini zinazouzwa nje ni tatizo la aina nyingine. Parakwati haikubaliki mashambani mwa Umoja wa Ulaya tangu 2007, ila viwanda vya Ulaya viliendelea kuitengeneza kwa ajili ya wengine. Mwaka 2018 nchi za Umoja huo, Uingereza ikiwemo wakati huo, zilitoa taarifa za kusafirisha zaidi ya tani 81,000 za viuatilifu vyenye kemikali zilizokatazwa katika mashamba yao. Ufaransa iliweka katazo la mauzo hayo kuanzia 2022. Mkataba wa Rotterdam, uliopitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika mwaka 2004, huitaka nchi inayouza kupata ridhaa ya nchi inayonunua kwa kemikali zilizomo katika orodha yake. Parakwati, kwa miaka mingi, ilizuiwa kuingia katika orodha hiyo na upinzani wa nchi chache wanachama, kwa kuwa uamuzi huhitaji maafikiano ya wote. Kwa dawa iliyo nje ya orodha, kinga ya mwisho hubaki kwa ofisi ya usajili ya nchi inayonunua, idadi ya wakaguzi wake na maabara waliyonayo.